Jinsi ya Kukadiria Saa Ambazo Betri ya Sola Itawasha Vifaa vya Nyumbani

Betri ya asidi iliyoandikwa 12V 100Ah huuzwa kwa ahadi nyingi, ilhali maandishi hayo mawili yanatosha kukuonyesha itakachoweza na itakachoshindwa. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 12 mara 100 ni 1,200. Wengi huishia hapo, wakagawanya kwa wati za televisheni, kisha wakamlaumu fundi giza linapoingia kabla ya taarifa ya habari kwisha.

Betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila usiku hufa mapema, kwa hiyo katika zile 1,200 hesabu 600 tu. Inveta nayo hula sehemu yake inapogeuza umeme wa betri uwe wa volti 230. Ukiitengea asilimia 15, unabakiwa na wati-saa 510.

Sasa soma kibandiko kilicho nyuma ya kila kifaa. Tuseme televisheni ni wati 50, king'amuzi 15, na taa tatu za wati 5 kila moja, jumla wati 80. Gawanya 510 kwa 80, utapata saa 6 na dakika 20 hivi, yaani ukiwasha saa moja usiku, umeme utakufikisha saa saba na dakika 20. Hata hivyo, mimi ningepanga kuzima saa sita. Ampea-saa 100 za kwenye kibandiko kwa kawaida hupimwa betri ikitumiwa polepole kwa saa 20, yaani ampea 5, na mzigo wetu, yaani vifaa tulivyowasha, unavuta karibu ampea 8; betri ya asidi ikivutwa kwa kasi hutoa pungufu.

Friji haikadiriki kwa kibandiko, kwa sababu kompresa yake huwaka na kuzima. Ipime kwa mita ya matumizi kwa saa 24.

Kama betri ni ya zamani, usiamini hesabu kabla ya kuijaribu. Ijaze chaji, iache itulie saa chache bila mzigo, na multimeta, yaani kipimo cha volti, isome takriban volti 12.7. Washa vifaa vyako vya kila siku kwa saa tatu, zima, iache itulie tena, kisha upime. Ikisoma volti 12.2 au chini yake, nusu au zaidi imekwisha, na saa tatu ndiyo mwisho wako, hata kama kibandiko bado kinasema 100Ah.