ISA au akaunti ya kawaida: wapi uweke akiba yako ukiwa Uingereza

Ukiingia benki yoyote kubwa ya Uingereza kutafuta pa kuweka akiba, utakuta njia mbili: akaunti ya akiba ya kawaida, na ISA ya fedha taslimu (Individual Savings Account, akaunti ya akiba isiyotozwa kodi). Riba ya akaunti ya kawaida huhesabiwa kuwa mapato, hivyo huweza kutozwa kodi. Riba ya ISA haitozwi kodi kabisa. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia ISA bila kupiga hesabu, ilhali mwenye akiba ya pauni 5,000 au 10,000 mara nyingi hana kodi ya kulipa popote atakapoziweka. Kwa mtu huyo, akaunti inayofaa ni ile yenye riba kubwa, basi.

Kwa hiyo anza na hesabu moja: akiba yako itazaa riba kiasi gani kwa mwaka wa kodi, yaani kuanzia 6 Aprili hadi 5 Aprili ya mwaka unaofuata? Kisha linganisha jibu na kiasi unachosamehewa kisheria.

Unasamehewa kiasi gani

Tangu Aprili 2016 benki hazikati kodi kwenye riba. Zinakulipa yote, halafu zinaiarifu HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, umelipwa ngapi. Anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 20 husamehewa riba ya pauni 1,000 kwa mwaka. Anayefika asilimia 40 husamehewa pauni 500. Ambaye mapato yake yamevuka pauni 125,140 hasamehewi chochote, na huyo ISA inamfaa tangu pauni ya kwanza.

Mpaka wa asilimia 40 ni pauni 50,270, na hata wakazi wa Scotland hutumia mpaka huo kwenye riba, ingawa mishahara yao ina viwango vyake. Angalia sana hapa kama unafanya ovataimu, kwa sababu riba yenyewe huingia kwenye jumla ya mapato. Mwenye mshahara wa pauni 49,900 na riba ya pauni 600 amefika 50,500. Msamaha wake umeshuka kutoka 1,000 hadi 500, na zile pauni 100 zilizozidi zinatozwa asilimia 40. Angeweka sehemu ya akiba kwenye ISA, asingedaiwa hata senti, kwa kuwa riba ya ISA haihesabiwi kwenye mapato hayo.

Wenye mshahara mdogo wana nafuu nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Juu ya pauni 12,570 ambazo watu wengi huzipata bila kodi, kuna pauni 5,000 za riba zinazotozwa asilimia sifuri. Nafuu hiyo hupungua pauni moja kwa kila pauni ya mshahara au pensheni inayozidi 12,570, na huisha kabisa ukifika 17,570. Chukua mhudumu wa wazee anayelipwa pauni 16,000 kwa mwaka. Amezidi kwa 3,430, kwa hiyo amebakiwa na 1,570. Ongeza msamaha wa 1,000, anapata 2,570. Kwa riba ya asilimia 4, angehitaji akiba ya zaidi ya pauni 64,000 kabla hajadaiwa kodi. Mtu huyu hana sababu ya kukubali ISA yenye riba ndogo.

Hesabu yenyewe

Gawanya msamaha wako kwa kiwango cha riba. Kwa asilimia 4, pauni 1,000 zinatosha akiba ya 25,000, na pauni 500 zinatosha 12,500. Ukiwa chini ya hapo, linganisha viwango vya AER (riba halisi ya mwaka mzima) kama vilivyoandikwa, uchague kikubwa. Ukivuka, kile kinachozidi kihesabu baada ya kodi: zidisha riba ya akaunti ya kawaida kwa 0.8 kama uko kwenye asilimia 20, au 0.6 kama uko kwenye 40. Asilimia 4.5 inakuwa 3.6 kwa wa kwanza na 2.7 kwa wa pili. ISA ya asilimia 4.2 inazishinda zote mbili.

Na si lazima uchague moja. Tuseme muuguzi analipwa pauni 38,000 na ana akiba ya 30,000. Akaunti ya kawaida inalipa 4.5, ISA inalipa 4.2. Akiweka zote akaunti ya kawaida anapata riba ya 1,350, analipa kodi pauni 70, anabaki na 1,280. Akiweka 20,000 ISA na 10,000 kawaida anapata 1,290. Lakini akiweka 22,000 kawaida, riba inakuwa 990, ndani ya msamaha. Zile 8,000 akaziweka ISA, anapata 336. Jumla ni 1,326 na hadaiwi kodi. Jaza msamaha kwanza, kinachozidi kipeleke ISA: kwa mwenye akiba ya wastani hiyo ndiyo njia inayolipa vizuri zaidi, mradi akaunti ya kawaida iwe na riba kubwa kuliko ISA. Zikilingana, chagua ISA.

Kuna jambo moja linaloweza kubadili uamuzi huu. Ukomo wa ISA ni pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi, na usipoutumia kufikia 5 Aprili umepotea. Hauhamii mwaka unaofuata. Kuanzia 6 Aprili 2027, aliye chini ya miaka 65 hataruhusiwa kuingiza zaidi ya 12,000 kwa mwaka kwenye ISA ya fedha taslimu, na kodi ya riba itapanda kuwa asilimia 22, 42 na 47. Kwa hiyo anayejua akiba yake itaendelea kukua, labda anakusanya ya nyumba, afadhali aingize mapema hata kama leo anapoteza riba kidogo.

Mahali watu wanapokosea

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kutoa pesa za ISA kwa mkono wako ili uzipeleke ISA ya benki nyingine. Zikishatoka, zimepoteza hadhi ya ISA. Ukiziingiza tena zinahesabiwa amana mpya na zinakula ukomo wako wa mwaka. Fungua ISA mpya kwanza, kisha ujaze fomu ya kuhamisha ya hiyo benki mpya, wao ndio watakaozifuata. Toka ISA ya fedha taslimu kwenda nyingine ya aina hiyo, kazi hiyo haitakiwi kuzidi siku 15 za kazi. Kabla ya kufungua, uliza kama benki hiyo inapokea pesa za kuhamishwa, maana si zote zinazokubali. Uliza pia kama ISA hiyo inaruhusu kutoa na kurudisha ndani ya mwaka uleule bila kula ukomo. Ukiwa mtu wa kutuma nyumbani kukitokea msiba au ada ya shule, ruhusa hiyo ni muhimu sana.

Amana ya muda maalumu ya miaka miwili au mitatu inayolipa riba yote mwishoni huhesabiwa riba hiyo yote katika mwaka mmoja, ule unaoipokea. Msamaha unaweza kufurika kwa mara moja. Chagua inayolipa kila mwaka kwenye akaunti unayoweza kutoa, au iweke ndani ya ISA. Tena ISA ya muda maalumu huruhusu kuvunjwa kabla ya wakati kwa kukatwa riba. Ya kawaida mara nyingi hufungwa kabisa.

Mkazi wa Uingereza mwenye amana Nairobi au Dar es Salaam akumbuke kwamba kwa kawaida riba ya huko nayo huhesabiwa, na hiyo HMRC inatarajia uitaje mwenyewe. Kwa anayepokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, ISA haifichi kitu: akiba inayozidi pauni 6,000 hupunguza malipo, na ikizidi 16,000 malipo husimama.

Wanaojiepusha na riba wanaweza kupata ISA zinazofuata sharia, ambazo hutangaza faida inayotarajiwa badala ya riba. Faida hiyo ikiwa nje ya ISA, kodi yake ni sawa na ya riba, na hesabu zote za hapo juu zinatumika.

Kinga ya amana benki ikifilisika ni ileile kwa akaunti zote mbili: pauni 120,000 kwa mtu mmoja katika benki zenye leseni moja.

Ukihama Uingereza moja kwa moja, ISA yako inabaki na haitozwi kodi ya Uingereza, ila huruhusiwi kuingiza pesa mpya kuanzia mwaka wa kodi unaofuata. Iarifu benki kabla hujaondoka, na uulize mamlaka ya kodi ya unakokwenda, kwa sababu haifungwi na msamaha wa Uingereza.