Rufaa ya kibali cha maegesho: elezeni njia ya kutoka garini hadi mlangoni

Nikiwa hapa Moshi namsaidia kwa simu mdogo wangu aliyeko Uingereza, ambaye halmashauri ilimnyima Blue Badge, yaani kibali cha maegesho cha watu wenye ulemavu, kwa ajili ya mwanawe mwenye usonji. Wenye ndugu huko wafikishieni hili. Mnapoomba uamuzi upitiwe upya, msitegemee cheti cha daktari peke yake, bali andikeni kinachotokea mtoto anapotembea kutoka garini hadi mlangoni: kwa mfano, breki za lori zililia, akachomoa mkono, akajilaza kati ya magari mawili, na mama hakuweza kumnyanyua huku amembeba mdogo wake. Ongezeni kwa nini kumshika mkono au kumvalisha kamba ya usalama hakutoshi, kisha mwalimu au mtaalamu anayemfahamu athibitishe kwa barua. Hilo lina uzito kwa sababu tangu tarehe 30 Agosti 2019 kanuni za huko zinatazama hatari kubwa au fadhaa kubwa mno wakati wa kutembea, wala si jina la hali aliyonayo mtoto. Njia hii haisaidii ikiwa taabu yake huanza akiwa tayari ndani ya duka, au hutokea kwa nadra. Na kama mtoto anapokea posho ya ulemavu yenye kiwango cha juu cha sehemu ya kutembea, tumeni barua ya posho hiyo, kwani inampa haki ya kibali moja kwa moja.