Kabla ya kwenda kupima presha ya macho, Tanga

Kwanza tutenganishe presha mbili. Pale Ngamiani wapo wanaofungwa mkono mashine ya presha kila mwezi, wakaambiwa wako sawa, wakaamini na macho yamo. Hayamo. Presha ya macho ni msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho lenyewe. Maji hayo yasipotoka vizuri, msukumo huongezeka na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu iliyokufa hairudi. Hiyo ndiyo glakoma. Aina iliyozoeleka haiumi. Hula uoni wa pembeni polepole, mpaka mtu anaanza kujigonga milangoni. Ukivuka miaka 40, au ndugu yako wa tumbo moja anayo, usingoje dalili. Sisi watu weusi hutuwahi mapema.

Siku ya kwenda, iwe hospitali ya Bombo au kwingine, kunywa chai yako kama kawaida. Hiki si kipimo cha kufunga. Ila usibugie lita nzima ya maji kwa mkupuo, maana hupandisha presha ya jicho kwa muda. Tai au kola inayobana shingo, ilegeze. Lenzi za kuvaa jichoni zitatolewa, kwa hiyo beba miwani.

Dawa zako zote zitie mfukoni, hasa vichupa vya matone. Yale yenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo watu hujinunulia dukani jicho likiwa jekundu, yakitumika kwa muda yanaweza kuipandisha presha kimyakimya. Daktari asipoyaona hatayajua.

Nilimsindikiza shangazi yangu. Alipoegemeza kidevu kwenye mashine akabana pumzi na kukaza kope, ikasoma 25. Muuguzi akamshika bega: "Mama, pumua, tazama mbele kama unaangalia bahari." Ikasoma 19. Kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki, kwa hiyo ule mkazo tu ungempa jina la ugonjwa. Kama unajua una woga, sema mapema. Tone la ganzi huchoma kidogo, kisha jicho huwa kama si lako. Usilifikiche kwa nusu saa, utalikwaruza usihisi.

Namba peke yake haitoshi. Kuna wenye 16 na glakoma wanayo, ndiyo maana uombe ule mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho nao uangaliwe. Kwa hilo huenda ukatiwa dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa jua litakuumiza na maandishi yatafifia. Najua huu ni mji wa baiskeli, lakini siku hiyo iache nyumbani, uje na mtu.

Kabla hujatoka, andikiwa namba za macho yote mawili, pamoja na tarehe na saa. Presha hiyo hubadilika ndani ya siku moja; shangazi alipimwa saa tatu asubuhi, na safari ya pili waliomba aende alasiri.