SOMO: Kupokea mafao ya kukosa kazi huku una kazi ya saa chache (Minnesota)

Wiki haipiti bila mtu kunitumia ujumbe saa sita usiku: "Kaka, nimepata kazi ya wikendi, mafao yatakatika?" Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Hii ni Minnesota tu. Kila jimbo la Marekani lina hesabu yake.

1. Fungua maombi wiki ileile uliyopunguzwa kazini. Wiki ya kwanza unayostahili hailipwi, kwa hiyo ukichelewa unajichelewesha mwenyewe.

2. Soma barua ya ofisi ya mafao ya jimbo ujue kiasi chako cha wiki, yaani pesa wanazokulipa wiki ambayo hukufanya kazi kabisa.

3. Omba malipo kila wiki, hata ile uliyofanya kazi. Wiki yao ni Jumapili hadi Jumamosi.

4. Andika saa na pesa ulizofanyia kazi. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa nashika zamu za wikendi kwenye nyumba ya wazee, nalipwa kila baada ya wiki mbili. Mimi nikawa nasubiri hela ziingie benki, ndipo naandika kilichoingia. Makosa mawili kwa mpigo! Wanataka mshahara KABLA ya makato, na wanautaka kwenye wiki uliyotoka jasho, hata kama hujalipwa senti. Mwajiri naye hupeleka taarifa za mishahara jimboni, wakalinganisha, nikaletewa barua ya deni. Nililipa kidogo kidogo hadi mwaka ukaisha.

Wa zamu za usiku, angalieni hasa. Ukiingia Jumamosi saa tano usiku ukatoka saa moja asubuhi, kwetu huo ni usiku wa kuamkia Jumapili, basi. Kwao siku inageuka saa sita usiku, kwa hiyo ni wiki mbili: saa moja ya kazi inaandikwa wiki inayoisha, saa saba za kazi zinaingia wiki mpya.

5. Piga hesabu mapema. Wanakata nusu ya ulichopata. Tuseme kiasi chako ni $400. Ukipata $200 kazini, wanakata $100, wanakulipa $300; jumla $500. Ukipata $390, wanakulipa $205, jumla $595. Ukifika $400 hawakupi kitu! Yaani ile $10 ya mwisho imekula $205. Pia ukifika saa 32 hulipwi wiki hiyo, hata mshahara uwe mdogo. Lakini usikatae zamu ili tu ubaki chini ya hapo: ukikataa kazi uliyopewa, fomu ya kuomba malipo ya wiki inauliza, nawe useme kweli.

MASWALI

mgeni_wa_juzi: Asante kaka. Sasa mimi naandika ile iliyoingia benki au?
— Hatua ya 4. Rudi usome.

mgeni_wa_juzi: Nimesoma, ila ni ndefu.
— Barua ya deni ni ndefu zaidi.

dereva77: Mimi nalipwa taslimu mkononi. Nani atajua?
— Swali hilo usiniulize mimi. Ukificha ni udanganyifu: unarudisha deni, na sheria ya shirikisho inataka adhabu isiyopungua 15% juu yake. Na usiseme ninawatisha, wewe ndiye uliyeuliza.

mama_wawili: Shikamoo mwalimu. Ile nusu wanayokata inapotea kabisa?
— Marahaba mama, swali zuri, nilipaswa kuliandika juu. Haipotei. Una fungu moja la jumla, na kinachotoka ni kile walicholipa tu. Wiki wakikulipa $300 badala ya $400, ile $100 inabaki funguni, kwa hiyo fungu linakwenda wiki nyingi zaidi. Mpaka wake ni mwaka mmoja wa maombi yako. Ukiisha, kilichobaki huwezi kukichota. Kingereza kikikusumbua, piga simu uombe mkalimani, ni bure.

mama_wawili: Na kodi je?
— Mafao yanatozwa kodi ya shirikisho. Waambie wakate 10% kila wiki. Mimi mwaka wa kwanza sikukata, fomu ya 1099-G (ya kodi, inayoonyesha mafao uliyolipwa mwaka mzima) ilipokuja nikaitazama kama barua ya msiba.

kijana_wa_zamu: Mimi kila nikitoka kazini napiga picha saa ya ukutani pale mlangoni. Jumapili nafungua simu, najumlisha.
— Hii naiiba. Mimi naandika nyuma ya kalenda ya kanisa, na mtoto keshaichorea ng'ombe Machi yote.

kijana_wa_zamu: Sasa Machi uliripoti nini?
— Nilimpigia msimamizi wa zamu, akanisomea saa zangu moja moja.