Sakafu ya joto Tabora? Piga hesabu ya LUKU kwanza

Wewe unayejenga Ipuli, Isevya au kokote hapa Tabora, na umeona video za sakafu zinazopashwa joto kwa nyaya chini ya marumaru, usimwite fundi kabla hujapiga hesabu. Nyaya hizo kwa kawaida hula wati 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4, tuseme kwa wati 100, ni wati 1,200. Zikiwaka saa nane bila kukata, zimekula karibu uniti 10 kwa usiku mmoja. Na hicho ni chumba kimoja tu!

Tena zege halipati moto papo hapo. Linachukua saa kadhaa, na kama hukuweka kizuia joto chini yake, sehemu ya joto unalolipia inazama ardhini. Ndiyo maana uamuzi huu hufanywa kabla ya kupiga marumaru.

Baridi yetu yenyewe ni ya usiku wa Juni na Julai. Jua likipanda, sweta linavuliwa. Kinachotutesa hasa ni bati la Oktoba. Hela hiyo mimi ningeipeleka kwenye dari, maana mchana hupunguza fukuto na usiku wa kipupwe hushikilia joto ndani. Kwa miguu, zulia linatosha. Ziba na upenyo wa chini ya mlango.

Ila jiko la mkaa usilale nalo chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.