Somo: Tathmini ya athari za kanuni, kabla uamuzi haujafungwa

Tathmini hii ni uchambuzi wa gharama na manufaa ya kanuni, unaofanywa kabla haijaamuliwa. Nimeombwa «fomu ya tathmini» mara nyingi mno, na karibu kila mara mwombaji huwa na rasimu ambayo wakubwa wake wamekwisha kuikubali. Naandika mara moja, ili siku nyingine niwe naelekeza tu hapa.

Hatua ya 1. Eleza tatizo. «Hatuna kanuni» si tatizo. «Maji machafu ya viwanda yanaingia mtoni» ni tatizo.

Hatua ya 2. Orodhesha njia mbadala, ikiwemo ya kutofanya lolote.

Hatua ya 3. Andika hali ya msingi, yaani mambo yatakavyokwenda bila kanuni. Hapa ndipo nilipoharibu. Rasimu yetu ilivitaka viwanda 100 vifunge vichujio, nami nikahesabu manufaa ya vichujio 100. Mhakiki, yaani anayeikagua tathmini, aliuliza swali moja tu: vingapi vingefunga hata bila kulazimishwa? Vilikuwa 60, kwa kuwa wanunuzi wao walikwisha kuwashurutisha. Kanuni ilivigusa viwanda 40 pekee, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vidogo kuliko vyote, ambavyo bei ya kichujio kimoja ilivielemea hasa. Kosa langu lilikuza manufaa, na baya zaidi, lilimficha mlipaji. Tahadhari: hali ya msingi si picha ya leo, bali ni mwenendo wa miaka ijayo. Tena, iandike kabla ya kukokotoa manufaa, la sivyo utaivuta ielekee jibu unalolipenda.

Hatua ya 4. Kokotoa gharama na manufaa, ukionyesha nani anabeba nini.

Hatua ya 5. Wasikilize wadau wakati njia mbadala zingali wazi.

Hatua ya 6. Taja utakavyoipima kanuni ikishaanza kutumika.

MASWALI

Swali: Waziri amekwisha kutia saini. Naomba mfano wa tathmini niukamilishe wiki hii.
Jibu: Unachotaka kuandika ni utetezi. Rudia aya ya kwanza.

Swali: Je, hata kanuni ndogo ifanyiwe yote haya?
Jibu: Hapana, uzito wa kazi ulingane na uzito wa kanuni. Amri ya Rais Clinton ya mwaka 1993 nchini Marekani iliweka kizingiti cha athari za dola milioni 100 kwa mwaka kwa uchambuzi kamili. Ila hatua ya 3 usiiruke, hata ikiwa sentensi mbili.

Swali: Gharama ni za leo, manufaa ni ya miaka 10 ijayo. Nalinganishaje?
Jibu: Swali zuri. Manufaa ya mbele hupunguzwa ili yapate thamani ya leo. Chukua gharama ya milioni 100 leo na manufaa ya milioni 150 mwaka wa 10. Kwa punguzo la asilimia 3 kwa mwaka, manufaa yana thamani ya takriban milioni 112, na kanuni inafaa. Kwa asilimia 7 ni takriban milioni 76, na haifai. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003 ulitaka viwango hivyo vyote viwili vionyeshwe, nami nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu anayeonyesha kimoja tu amekwisha kumwamulia msomaji.

Swali: Mhakiki anahitaji nini ili asiturudishie faili?
Jibu: Jedwali lenyewe la hesabu, si jumla zake tu. Weka kila dhana kwenye mstari wake, ili aweze, kwa mfano, kubadilisha ile 60 ya hatua ya 3 iwe 30 na kuona kinachotokea.