Kupanga umeme wa miaka 10 kwa kartie moja ya Bukavu

Usianze na bili. Bili inaonyesha umeme uliofika. Ule ambao watu waliukosa wakati wa delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), wakarudia makala (mkaa), haumo. Ukipanga kwa bili, unapanga upungufu uleule.

Pima jioni ambazo umeme haukukatika, toka saa 12 hadi saa 4 usiku, kila nusu saa, kwenye kabini (kibanda cha transfoma). Funga kipima-ampea kwenye kila fezi (mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme) peke yake. Fezi moja ikibeba ampea 500 na nyingine 250, fyuzi ya ile ya kwanza inaweza kuungua hata kama jumla ni ndogo. Hamisha wateja kwanza kwenda fezi yenye mzigo mdogo, ndipo udai transfoma.

Tuseme kartie moja ya komini ya Kadutu ina nyumba 1,500, kila moja kwa wastani kW 0.3 saa ya kilele (matumizi makubwa zaidi): kW 450. Mahitaji yakikua asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 10 zidisha kwa 1.79, upate kW 806. Kama asilimia 12 inapotea kwenye nyaya, gawanya kwa 0.88: kW 916. (Ukizidisha kwa 1.12 utapungukiwa.) Gawanya tena kwa 0.85 upate kVA (umeme wote ambao transfoma hubeba), kwa sababu mota na taa haziugeuzi wote kuwa kazi: kVA 1,078. Kama iliyopo ni transfoma moja ya kVA 630, haitoshi.

Sasa rudia kwa asilimia 3: bado kVA 808. Basi transfoma ya pili inahitajika vyovyote vile, iagizwe. Kwa asilimia 8 inafika karibu kVA 1,300, hata mbili zinalemewa. Acha nafasi ya transfoma ya tatu ndani ya kabini tangu siku ya ujenzi.

Upande wa chanzo ndipo wengi wanajidanganya. Kwenye mto Ruzizi, mtambo wa Ruzizi I wa mwaka 1958 una MW 29.8, na Ruzizi II MW 43.8 ambazo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Mitambo yote miwili inakunywa maji yaleyale yanayotoka Ziwa Kivu, na takataka za plastiki zikiziba vichujio, turbini zinasimama. Kwa hiyo akiba isitegemee mto huohuo. Sola inafaa, ila jua limeshazama saa ya kilele: kubeba kW 200 kwa saa 4 kunataka kWh 800, yaani betri za lithiamu za kWh 1,000 zisitumiwe kupita asilimia 80, na paneli za kW 240 hivi. Paneli bila betri hazipunguzi delestaji ya jioni hata kidogo.

Pima upya kila mwaka, mwezi uleule.